Miaka Isiyoacha Tope

Mji ule haukuwa na jina, na kama uliwahi kuwa nalo, waliolijua walikuwa wamelala chini ya matabaka mengi mno, kuwaamsha ingekuwa kuwaonea. Ulikuwa na ziwa. Au tuseme ulikuwa na mahali pa ziwa, maana siku hizi tunazozisimulia ziwa lenyewe lilikuwa shimo jeupe, pana, lililopasuka nyufa, na watu waliendelea kuliita ziwa kama mjane anavyoendelea kutandika kitanda kwa mito miwili.

Miaka yao haikuhesabiwa kwa jua wala kwa mwezi. Ilihesabiwa kwa tope. Mvua ikinyesha vizuri, mito ilishuka na udongo wa milimani, udongo ukatua chini ya maji na kuacha tabaka jeusi. Mvua ikigoma, maji yalipungua, yakawa machungu, likatua tabaka jembamba la chokaa, jeupe. Jeusi ni mwaka wa neema, jeupe ni mwaka wa ukame. Tabaka likishatua, wasomaji wa Nyumba ya Tope walikwenda kwa ngalawa hadi katikati ya ziwa, wakapiga bomba la shaba chini, wakachomoa mche mrefu wa tope, wakaupasua kwa waya kama mwenye duka apasuavyo mche wa sabuni. Hapo ndipo mwaka mpya ulipotangazwa. Kabla ya hapo haukuwapo. Mtu angeweza kuota mvi kichwa kizima akisubiri, lakini kama tope halijalala, umri wake ulikuwa uleule wa jana.

Ucheke ukitaka. Wao wenyewe enzi za neema walikuwa wakicheka, hasa wanawake, kwamba hakuna mji duniani ambao mtu hubaki kijana kwa uvivu wa ziwa. Kicheko kiliisha mwaka wa nne wa ukame, ambao siku tunayoanzia ulikuwa umefikisha miezi ishirini.

Ndiyo, mwaka mmoja, miezi ishirini. Tone la mwisho la ziwa lilikauka mwezi wa kumi na mbili, na ziwa lililokauka halitandiki tope, jeusi wala jeupe. Pasipo tope, mwaka wa tano ungetoka wapi? Baraza la mji lilikaa, likajadili, likatangaza kwamba mwaka wa nne unaendelea. Watu wakaamka asubuhi katika mwaka wa nne, wakalala katika mwaka wa nne, wakazika watu wao katika mwaka wa nne ambao kwa kweli haukuwa wa nne, na kila mmoja alijua, na hakuna aliyesema.

Siwatu binti Makame ndiye aliyekuwa msomaji wa mji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye gumba la mkono wa kulia lililolainika kuliko vidole vingine vyote, na hilo gumba tutalirudia. Neno "minne" lilitoka kinywani mwake. Mwaka wa pili wa ukame Baraza lilimwita, likamuuliza: tangu tope lianze kulala, ukame mrefu kuliko wote ulichukua miaka mingapi? Siwatu alifungua miche yote iliyokwisha kupasuliwa rafuni, ya mabibi na ya mabibi wa mabibi, akahesabu matabaka meupe yaliyofuatana. Mawili, matatu, manne. Hakuna popote alipokuta la tano. Baada ya jeupe la nne, kila mara, lilikuja jeusi. Akasimama mbele ya Baraza akasema minne.

Minne. Nilisema minne. Sikusema nadhani, alijiambia Siwatu baadaye. Sikusema kwa jinsi nilivyoona. Nilisema minne nikafumba mdomo, na mdomo wangu ukawa lango la mji. Nani aliniambia minne? Tope. Na tope nani aliliambia?

Kwa neno hilo Baraza liligawa visima na ghala la mtama, likafunga njia ya milimani. Ya nini watu kutangatanga, walisema, na tope limeshaahidi? Ila kabla njia haijafungwa, mume wa Siwatu, Kombo, alifunga mizigo. Alikuwa fundi wa ngalawa, na fundi wa ngalawa huona ziwa linavyoondoka kabla ya wengine, kwa sababu kila siku anatembea hatua moja zaidi kufikia maji.

"Mama Mize," alimwambia, "mimi sikusoma kama wewe. Lakini naona gati letu limebaki nchi kavu. Twende zetu ng'ambo ya mlima. Mvua ikirudi, tutarudi."

"Imebaki miaka miwili tu, baba Mize."

"Mtoto ataishi vipi miaka miwili kwa maji ya kisima kile? Yanakata ulimi."

"Tope halijawahi kusema uongo."

"Sijasema linasema uongo. Nasema nipe mtoto."

Mize alikuwa na miaka saba, au tuseme alikuwa na matabaka saba, matano meusi na mawili meupe, na alisimama kati yao akiwa ameshika pindo la kanga ya mama na kidole cha baba. Siwatu ndiye aliyevuta. Hakuvuta kwa nguvu, alivuta kama mtu anayemtoa mtoto njiani asikanyagwe, na kidole kikachomoka. Kombo aliondoka peke yake, akaahidi kurudi kuwachukua akipata pa kukaa. Siku ya nne njia ikafungwa.

Mize alikufa mwezi wa kumi na tano wa mwaka wa nne. Ilikuwa homa ya maji machungu, ile inayoanza na midomo kupasuka na kuishia na mtoto kuomba maji akiwa ameshika kikombe cha maji. Alizikwa siku ileile kilimani. Lakini katika mji ule kuzikwa si kufa. Mtu alikuwa amekufa pale kijiti chake cha mpingo, chenye jina lililochomwa kwa moto, kilipochomekwa kwenye mche, katika tabaka la mwaka aliofia. Waliita kulazwa. Asiyelazwa bado yuko.

Siwatu alikichonga kijiti mwenyewe, akakipeleka Nyumba ya Tope kwa mkuu wake, Mzee Shamte, aliyemfundisha kazi tangu alipokuwa msichana. Shamte alikuwa mtu mpole, wa mikono midogo, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mtu, na ndiyo maana Baraza lilimpenda.

"Nimlaze wapi, mwanangu?" aliuliza. "Nionyeshe tabaka."

"Halipo, mwalimu. Ziwa halina maji."

"Basi mwaka aliofia haujafika. Na mtu hawezi kufa katika mwaka ambao haujafika." Akamrudishia kijiti kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mvumilie. Naye atakuvumilia."

Kesho yake asubuhi Siwatu alikwenda kwenye foleni ya kisima. Bi. Mwanamvua, mgawaji wa maji, alikuwa mama mnene aliyekonda upesi mno, ngozi ikabaki kubwa kuliko mwili. Alikuwa na kata mkononi na orodha ya majina kichwani, maana hakuhitaji karatasi. Akaita Siwatu binti Makame, Siwatu akaitika, akapokea kata yake moja. Halafu, kwa sauti ileile, bila kuinua macho, akaita, "Mize binti Kombo."

Foleni nzima ilimgeukia. Mji mzima ulikuwa umepanda kilimani na jeneza lile.

Siwatu alifungua mdomo kusema, na kilichotoka kilikuwa, "Yupo."

Bi. Mwanamvua akateka kata ya pili.

Msomaji wangu, usimhukumu haraka. Wewe ungesema nini? Kuna mtu ameita jina la mwanao kama anavyoita majina ya watoto walio hai, na amenyoosha mkono wenye maji. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, miezi mitano mfululizo, jina liliitwa na mama akasema yupo. Maji ya Mize hakuyanywa. Aliyamimina katika mtungi mdogo uliokuwa kando ya kitanda cha mtoto, akaufunika kwa kawa, na asubuhi ya pili alipofunua alikuta yamepungua. Wakati mwingine yalikuwa yamekwisha kabisa. Siwatu, aliyetumia nusu ya maisha yake kusoma jinsi jua linavyokunywa ziwa zima hadi mifupa, alichungulia mtungi wa udongo uliokauka akasema moyoni: mwanangu alikuwa na kiu usiku.

Sasa turudi kwenye gumba. Kabla ya kuusoma mche, msomaji hulilamba gumba lake, kisha hulipitisha juu ya uso wa tope uliokatwa na waya, toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kulainisha. Waliita kuunawisha uso. Miaka ni watu wazima, Shamte alikuwa akiwafundisha, huwezi kumkabili mtu mzima na tongotongo zake. Na lazima yawe mate, si maji ya mtungini, kwa sababu anayesoma sharti atoe kitu chake. Hakuna msomaji aliyewahi kuutazama mche ambao haujanawishwa. Ingekuwa sawa na kumchungulia mtu bafuni.

Siku tunayoisimulia Baraza lilituma ujumbe kwamba kesho msomaji awasomee watu tena, hadharani, kisimani, ili mioyo itulie. Minne. Waambiwe minne. Siwatu akauchukua mche wa kale kuliko yote, ule ambao haukuwa umepasuliwa bado kwa kuogopwa, akauweka juu ya meza saa sita ya mchana, milango wazi, mwanga mweupe wa ziwa ukiingia hadi kwenye rafu za mwisho. Akaupasua kwa waya. Akalipeleka gumba mdomoni.

Hakukuwa na mate.

Akajaribu tena. Ulimi ulikuwa kipande cha kitambaa. Akafikiria ndimu, akafikiria embe bichi kwa chumvi, hakikuja kitu. Gumba lilitoka kavu kama lilivyoingia. Akabaki amesimama, mkono hewani, na kwa sababu hakuwa na la kufanya, alitazama.

Matabaka meupe manne. Jeusi. Kama kawaida. Lakini kati ya jeupe la nne na jeusi palikuwa na mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, wa rangi ya kutu, na ulipita mche wote upande hadi upande. Akainama. Zilikuwa chembe za mchanga, mchanga wa upepo, mkavu, usio na maji hata kidogo. Chini yake jeupe la nne lilikuwa limepasuka vipande vidogo vidogo, vilivyojikunja pembeni, kama sakafu ya ziwa iliyokuwa pale nje ya dirisha. Na ndani ya ufa mmoja mlikuwa na gamba la samaki, limesimama wima.

Alikimbilia ukame mwingine, juu zaidi kwenye mche uleule. Manne meupe, mstari wa kutu, jeusi. Mwingine. Manne, mstari, jeusi. Akatoa miche mingine rafuni, iliyosomwa na mabibi, na pale palipopaswa kuwa na mstari palikuwa laini, safi, pameng'arishwa. Akaiona alama ya gumba. Magumba ya wanawake na wanaume mia mbili, ya Shamte, na la mwisho, juu ya yote, la kwake.

Ziwa halihesabu ukame, ziwa huhesabu mpaka linapokufa. Manne ni pumzi zake za mwisho. Likishakauka halina cha kuandikia, upepo unakuja unafagia, na miaka mibaya kuliko yote inapita juu yake bila kuacha kitu. Mingapi? Mitano? Ishirini? Ile miaka ambayo watu walikufa wengi zaidi ndiyo ambayo haikuandikwa, na kilichobaki, kile kimchanga, sisi tumekuja kukifuta kwa adabu.

Nilisema minne. Nilimvuta mkono. Kidole kikachomoka.

Akaegemea meza, uso karibu na tope, na mstari ule ukapanuka. Ulikuwa unywele, ukawa ufa, ukawa uchochoro, na Siwatu akauingia ubavu ubavu, kama mtu anayepita kati ya nyumba mbili. Ndani palikuwa na mwanga uleule mweupe wa saa sita. Palikuwa na uwanda wa chokaa usio na mwisho na watu wengi wameketi chini, hawafanyi lolote, vichwa wameviinua juu. Mwanamke mmoja aligeuka. Alikuwa mrefu, na gumba lake la kulia lilikuwa laini.

"Karibu," alisema. "Umechelewa, au umewahi. Hapa hatujui."

"Nyinyi ni wa mwaka gani?" Siwatu aliuliza.

"Sisi si wa mwaka."

"Mlikuwa na msomaji?"

"Mimi."

"Uliwaambia mingapi?"

Mwanamke akatazama mikono yake. "Minne," akasema.

"Ilikuwa mingapi?"

"Tulihesabu hadi kumi na mmoja. Baada ya hapo hakukuwa na wa kuhesabu."

Siwatu aliketi karibu naye. Hakujua tena yupi kati yao alikuwa ameketi kwanza. Mwanamke yule alikuwa amepakata kanga iliyokunjwa kwa namna ambayo kanga hukunjwa ikiwa na mtoto ndani, na ndani yake hapakuwa na kitu. Siwatu hakuuliza. Aliona aibu kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hujibu uongo kila asubuhi.

"Kwa nini mnatazama juu?" alisema mwishowe.

"Tunangoja. Mara mojamoja, baada ya muda mrefu sana, kunapita juu yetu kitu kipana, laini, kimelowa. Kinatugusa sote toka huku hadi kule. Watoto hupiga kelele, hufungua midomo." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesimulia harusi ya zamani. "Lakini kila kikipita tunapungua. Jina la wangu lilikwenda na kile cha mwisho. Nyinyi mlio juu mnajua zaidi. Ile ni mvua, sivyo?"

Siwatu alilificha gumba lake ndani ya ngumi.

Angesema nini? Kuna maswali ambayo ukweli wake ni ukatili na uongo wake ni ukatili uleule. Aliwahi kudhani kwamba kisichoacha alama hakikuwapo. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo mji ulivyotawaliwa, na ni utawala mtamu, maana waliokufa vibaya zaidi hawana kitu cha kuonyesha. Sasa alikuwa ameketi kati yao, na walikuwa wengi kuliko matabaka yote meusi aliyowahi kuyasoma.

"Si mvua," alisema. "Ni mimi. Nisameheni. Ni mimi."

"Mwanangu, unaongea na nani?"

Alikuwa Shamte, mlangoni, na mche ulikuwa mche, mezani, na jua lilikuwa halijasogea. Siwatu alimwonyesha. Mzee aliinama, akautazama mstari muda mrefu, na kidole chake kikaufuata upande hadi upande bila kuugusa. Siwatu akajua kwamba ameelewa. Akajua pia kwamba si leo tu alipoelewa.

"Shikamoo mwalimu," alisema, kwa sababu hakupata neno lingine.

"Marahaba." Shamte alijikalisha kwenye kigoda. "Nilikuwa kijana. Niliugua homa, mdomo ukakauka kama wako. Niliuona. Mwalimu wangu alinipa ndimu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulikuwa mwaka mweusi, mvua hadi magotini. Ya nini kuwatia watu hofu?" Akafuta uso. "Sasa sikiliza. Kesho ukiwaambia kuna mwaka wa tano, na wa sita, na wa kumi, wataivunja njia waende, na nusu yao watafia mlimani. Unawishe uso, mwanangu. Usome minne."

"Sina mate."

"Una maji ya mtoto."

Siwatu alimtazama. Miaka thelathini mtu huyu alimfundisha kwamba lazima yawe mate.

"Fikiri," Shamte aliendelea, polepole, na kwa upole uleule. "Mwaka wa nne ukiendelea, Mize yupo. Kesho ataitwa, keshokutwa ataitwa. Nimekulindia hilo, mimi, kwa kalamu yangu. Ukiutaja mwaka wa tano kwa mdomo wako, ni wewe unayemuua. Hakuna mwingine. Na tabaka la kumlaza halitakuwapo kamwe, umeona mwenyewe. Upepo tayari unafagia juu. Hata yale tisa aliyoishi yatakwenda."

Hakuwa anamtisha. Hilo ndilo lililomvunja Siwatu moyo, kwamba yote aliyosema yalikuwa kweli.

Alikwenda nyumbani, akaketi kitandani pa mtoto, akafunua mtungi. Yalikuwamo maji ya asubuhi, robo yake yamepungua. Alichovya gumba. Lilikuwa baridi, na ile baridi ilipanda hadi begani. Kinywa chake kilimwomba alilambe, na hakulilamba. Alilitazama mpaka likakauka lenyewe, na lilipokauka alichovya tena, na tena. Mize alikuwa amesimama pale dirishani, ana miaka saba, ana miaka mitatu, alikuwa mzee wa mvi anayesema mama toka huko, alikuwa bado hajazaliwa. Siwatu alimwambia yote. Mtoto hakusema kitu, watoto wa aina ile hawasemi, ila alikuwa ameshika hewa kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshika kidole.

Asubuhi mji wote ulikuwa kisimani. Wazee wa Baraza waliketi kivulini. Shamte alisimama kando yao, macho chini. Siwatu alikuja na mche umefungwa kwa kanga, akaingia kwenye foleni kama kila siku, na Bi. Mwanamvua akaanza kuita. Zamu ya Siwatu ikafika.

"Siwatu binti Makame."

"Nipo."

Akapokea kata yake, akainywa palepale yote, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi. Alikihitaji kinywa.

"Mize binti Kombo."

Foleni ikasubiri neno lake, lile la siku zote. Bi. Mwanamvua alikuwa ameshateka tayari, kwa mazoea, mkono umenyooshwa, maji yanatingishika ukingoni mwa kata.

"Hayupo," Siwatu alisema.

"Ameenda wapi?"

"Bi. Mwanamvua, dada yangu, wewe ulimwosha." Sauti ilikatika, akaiokota. "Mwanangu amekufa. Mize amekufa. Alikufa mwezi wa tatu wa mwaka wa tano."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno lile. Lilipita juu ya vichwa vyao, na kila lilipompitia mtu aliyezika mtu, alishika kifua. Mzee mmoja wa Baraza aliinuka kusema jambo, akakuta watu wameshaanza kulia, si kwa kelele, ila wote, wakitaja majina. Kumbe kila nyumba ilikuwa na kata ya ziada. Kila nyumba ilikuwa na mtungi kando ya kitanda. Siwatu alifungua kanga, akawaonyesha mstari, akawaeleza kwa maneno machache, kwamba ziwa likifa halihesabu, kwamba chini ya mstari ule kuna watu waliongoja mvua kama wao, kwamba aliyewaambia minne ni yeye na alikosea, na aliyemzuia mwanawe asiende ni yeye.

"Tokeni," alisema. "Sijui ni miaka mingapi. Hakuna ajuaye. Tokeni tu."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyetangulia. Hakugeuka kuliangalia Baraza. Alikaza mbeleko, akaelekea njia ya mlima, na walinzi wa njia, ambao nao walikuwa na mitungi kwao, walisogea kando.

"Nimeshayateka," Bi. Mwanamvua alisema. Mkono ulikuwa bado umenyooshwa, machozi yanamtiririka kwenye ile mikunjo. "Siwatu, haya nifanyeje nayo?"

"Mkimbilie yule. Mpe mtoto wake."

Walipokuwa wakifunga mizigo, Siwatu alipiga magoti mbele ya mche, akatoa kijiti cha mpingo, akakichomeka. Hakukichomeka kwenye jeupe wala kwenye jeusi. Alikichomeka ndani ya mstari, pembeni, taratibu, katikati ya wale walioketi wakitazama juu. Kikaingia kama kilikuwa na nafasi yake. Hapo ndipo kilio kilipomjia, na kilikuja na maji, baada ya muda wote ule. Tone moja likaning'inia kidevuni, juu kabisa ya mche. Aligeuza uso haraka, akalia pembeni, mchangani.

Shamte alikuwa nyuma yake. Alisimama pale mpaka akamaliza.

"Mama Mize," alisema. Miezi mitano hakuwa amemwita hivyo.

Siwatu alirudi nyumbani kuchukua kanga na mtama kidogo uliobaki. Akapita kando ya kitanda, na kwa mazoea tu aliinama akafunua mtungi. Ulikuwa mkavu hadi chini, na ukingoni palibaki mstari mweupe wa chumvi.

"Ni jua," alisema kwa sauti.

Kisha akautoa nje, akauweka kizingitini, mdomo juu, akaondoka.